Tunda na Mti

Starehe ni haja ya mwanadamu kama chakula na usingizi. Mtu aliyechoka hutafuta kivuli. Akipata kivuli hutafuta mazungumzo. Na akishapata mazungumzo hutamani kuona kitu asichokiona kila siku. Ndiyo sababu watu wa kila nchi na kila zama wamepanda vyombo wakaenda kutembea mbali na kwao. Hapana katazo lililoweza kuizima tamaa hii, na yamkini si vema izimwe. Lakini starehe ina swali linaloandamana nayo popote iendapo: je, mtu anayejifurahisha kwa mali yake ya halali ana wajibu wowote kwa watu na mahali ilipotoka furaha yake?

Aghalabu swali hili huulizwa juu ya matajiri wa Ulaya, na kuulizwa hivyo ni rahisi, maana mtu huona haraka kosa lililo mbali naye. Ni afadhali liulizwe juu ya mtu wa karibu. Na achukuliwe kwa mfano kijana aliyezaliwa Nyamisati, bandari ndogo ya Kibiti ambako vyombo vya Mafia hupakia abiria wake. Amesoma, amepata kazi ya mshahara Dar es Salaam, ameweka akiba, na mwaka mmoja anakwenda kukaa siku nne katika mji mkubwa wa Ulaya. Siku ya kwanza anatembelea makumbusho na nyumba za sanaa. Siku ya pili anakwenda katika uwanja wa mpira ambao tangu utoto aliuona katika kioo tu. Siku ya tatu usiku anakaa katika mkahawa wa fahari, kitambaa cheupe mezani, na mtumishi amesimama nyuma yake. Siku ya nne anafunga mizigo.

Akirudi atakuta hukumu mbili zinamngoja. Mzee wa mtaa wake atasema kwamba hiyo ni israfu, kwa kuwa nauli ya safari ile ingalitosha kuezeka bati nyumba ya mama yake. Mtu wa rika lake atasema kwamba jasho lilikuwa lake, na aliyetoka jasho ndiye mwenye haki ya kujipangusa. Hukumu hizi mbili zinapingana, lakini kila moja ina sehemu ya ukweli na sehemu ya upungufu.

Hukumu ya mzee ina ukweli kwamba mali haiwezi kutumika mara mbili. Lakini ikiwa kila kisicho cha lazima ni israfu, basi hata Kibiti penyewe pamejaa israfu. Pilau ya arusi hula mavuno ya msimu mzima. Ngoma hukesha usiku wa watu wanaotazamiwa kuwa shambani asubuhi. Bao chini ya mwembe halijapata kumlisha mtu. Walakini hapana Mndengereko wala Mnyagatwa atakayekubali kwamba maisha bila mambo hayo ni maisha kamili. Watu waliozoea kugombana na mafuriko ya Rufiji kwa ajili ya mpunga wao wanajua zaidi ya wengine kwamba kazi bila furaha ni utumwa.

Wala kutembea Ulaya kwa macho ya kutazama si jambo jipya kwa Waswahili. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari za safari yake zilichapishwa mwaka 1901 pamoja na za wasafiri wengine katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaishi huko miaka mingi na kufa huko mwaka 1927. Watu hawa waliiona Ulaya nao wakaiandika kwa lugha yao wenyewe. Safari iliyorudi na habari haikuwa hasara kwa waliobaki nyumbani.

Hukumu ya mtu wa rika ina ukweli kwamba mshahara ni mali ya aliyeufanyia kazi. Upungufu wake ni kudhani kwamba bei iliyolipwa humaliza madai yote. Bei humlipa aliyeuza. Kama aliyeuza ndiye aliyezalisha, na kama alichouza kilikuwa chake kweli, mambo yamekwisha. Lakini je, ikiwa sivyo? Hapo ndipo inafaa kurudi katika meza ya mkahawa na kutazama kilichomo ndani ya sahani.

Yamkini sahani ile ina kambamiti. Mji wa Ulaya huwapenda sana na huwalipia bei kubwa. Orodha ya vyakula itataja mchuzi wao, divai inayofaa kunywewa pamoja nao, na pengine jina la mpishi. Mahali walipovuliwa huenda pasitajwe. Mtoto wa Nyamisati hahitaji kutajiwa. Anajua kwamba kambamiti hupitisha utoto wake, akiwa mdogo kama chembe, katika maji ya vuguvugu baina ya mizizi ya mikoko, na kwamba hukua humo akifichwa na tope mpaka apate nguvu ya kutoka baharini. Jina lake limebeba mti ndani yake, na maisha yake pia. Mikoko ya delta ya Rufiji imetandaa juu ya hekta zipatazo 50,000, nayo inahesabiwa kuwa msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko iliyoungana katika Afrika ya Mashariki. Mikoko ikiondoka, kambamiti huondoka.

Jambo hili lilipata kuwa shauri kubwa. Katika miaka ya 1990 palitolewa mpango wa kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti katika delta, maelfu ya hekta, ili wauzwe katika nchi za nje. Mpango ulisifiwa kwamba utaleta fedha za kigeni na kazi. Wenyeji wengi wa delta waliukataa, na baadhi yao wakalipeleka shauri mahakamani. Mwisho wake mabwawa yale hayakujengwa.

Yafaa kufahamu vema kilichokataliwa hapo. Wavuvi wa delta hawakukataa kuuza kambamiti. Walikuwa wakiwauza kabla ya mpango ule, nao waliendelea kuwauza baada yake. Hawakumchukia mla wa mbali, wala hawakumwonea wivu kwa kitambaa chake cheupe. Walilokataa ni kwamba meza ya mbali ijazwe kwa kuondolewa mahali ambapo meza yao wenyewe hujazwa. Waliuza tunda, mti hawakukubali kuuuza.

Katika tofauti hii limo jibu la swali lililoulizwa mwanzo. Ziko starehe zinazonunua tunda, na ziko starehe zinazonunua mti. Starehe ya kwanza humwacha mzalishaji na uwezo wa kuzalisha tena kesho. Hata ikiwa ya gharama kubwa, haina lawama nyingi. Starehe ya pili huchukua kisichoota tena, au huchukua kwa wingi usiompa mzazi wake nafasi ya kuzaa. Hata ikiwa rahisi, na hata ikiwa imelipiwa senti ya mwisho, ina deni. Mwaka 2007 serikali ilisimamisha uvuvi wa kambamiti kwa meli za kukokota nyavu, kwa sababu kambamiti walikuwa wamepungua sana, na uvuvi huo ulikaa umefungwa kwa miaka mingi. Kila sahani katika miaka iliyotangulia ilikuwa imelipiwa. Hata hivyo bahari ilibaki inadai.

Kipimo hiki kinafaa pia katika nyumba za sanaa. Edward Saidi Tingatinga alichora picha zake Dar es Salaam ili ziuzwe, na wageni wakazinunua na kuzichukua kwao. Picha hizo zilikuwa tunda. Mkono ulioichora moja ulibaki kuchora nyingine, na baada ya kifo chake mwaka 1972 mikono ya wengine iliendelea. Mtu anayeiona picha kama hiyo ukutani Ulaya anaweza kufurahi bila haya.

Lakini katika hifadhi za makumbusho ya Berlin vimo vitu vilivyochukuliwa wakati wa vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilizuka mwaka 1905 katika nchi iliyo jirani na delta. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa dawa ya maji, alikaa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Mkuki uliotwaliwa katika vita si tunda. Aliyeushika hakuuuza, na aliyeufua hakuwahi kufua mwingine wa siku ile. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea kwa matendo ya wakati ule. Neno lake lilikuwa la heshima. Lakini lenyewe ni ushahidi kwamba deni lilikuwako katika miaka yote ambayo watu walipita mbele ya vioo vile kwa raha zao.

Je, kijana wa Nyamisati akifika mbele ya kioo kama kile afumbe macho? Hapana. Kufumba macho hakumrudishii mtu kitu. Pengine katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye anayejua Mohoro iko upande gani wa mto, na wali wake una ladha gani. Atazame kwa makini kuliko wote. Furaha yake haitakuwa nyepesi kama ya wengine, lakini itakuwa ya kweli zaidi, kwa kuwa ataona kitu pamoja na njia kilikopitia.

Uwanja wa mpira ni mfano wa tatu, nao unamgusa mtu wa Kibiti kuliko miwili ya kwanza. Tarehe 1 Machi 2020 Mbwana Samatta alifunga bao kwa kichwa katika uwanja wa Wembley, London, akiichezea Aston Villa katika fainali dhidi ya Manchester City. Timu yake ilishindwa kwa mabao 2 kwa 1, lakini Watanzania hawakulisahau bao lile. Samatta alikulia Mbagala, kando ya barabara ile ile itokayo Dar es Salaam kwenda Kibiti. Aliyelipa kiingilio Wembley siku ile alikula tunda la kiwanja cha vumbi cha Mbagala, ajue asijue. Mti wa tunda lile ni uwanja wa wazi, mpira mkuukuu, na watoto wenye nafasi ya kucheza jioni. Siku viwanja vya namna hiyo vikijengwa maduka yote, na watoto wote wakihamia katika vibanda umiza kutazama wengine wakicheza, matunda yataendelea kuonekana katika kioo kwa muda, kisha yatakoma. Hapo wa kulaumiwa hatakuwa mtu wa Ulaya.

Maneno haya yanaleta pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mti huharibiwa na wenyeji pia. Ni kweli. Katika delta yenyewe mikoko imekatwa ili kupata mashamba ya mpunga, na imekatwa kwa boriti na kuni. Lakini tofauti ya haja na starehe haifutiki hapo. Mwenye njaa anayekata mti anastahili kuonyeshwa njia nyingine na kusaidiwa kuifuata. Aliyeshiba anayeukata kwa ajili ya ladha hana udhuru huo. Wote wawili wanauharibu mti, lakini hawasimami mbele ya haki kwa uzito mmoja.

Pingamizi ya pili ni kwamba msafiri hawezi kuujua mti wa kila tunda. Akiuliza asili ya kila sahani, kila picha na kila mchezaji, siku zake nne zitakwisha kwa maswali. Hili nalo ni kweli, na haki haimdai mtu asichokiweza. Haimdai ajue yote. Inamdai asikatae kujua. Aliye na nafasi ya kuuliza swali moja na auulize moja. Aliyezaliwa kwenye mti wenyewe, kama kijana huyu, amekwisha kupewa jibu bila ya kuuliza, na kwa hiyo wajibu wake ni mkubwa kuliko wa wenzake mezani. Akikaa kimya ili asionekane mshamba, amefanya kosa ambalo mgeni asiyejua hakulifanya.

Basi kijana ale, atazame, ashangilie. Mzee asimnyime haki ya kustarehe, wala rafiki asimwondolee deni la starehe yake. Akirudi Nyamisati mama yake hatamwuliza habari za haki na wajibu. Atamwuliza, kama mama wote wanavyouliza, huko alikula nini. Akiweza kumjibu kwamba alikula kambamiti, na kueleza walitoka wapi, walivuliwa namna gani, na yeye aliwaambia nini waliokaa naye mezani, starehe yake ilikuwa njema. Akiona ni afadhali ataje chakula kingine, hapana mtu mwingine wa kumhukumu. Amekwisha kujihukumu mwenyewe.