Mji Uliowakuta Watu

Mchoraji wa mipango miji huanza kazi na karatasi tupu. Anapitisha barabara, anaweka shule huku na soko kule, na karatasi inamkubalia yote kwa sababu haina mkaazi. Nchi ya Ugogo haikuwa tupu mwezi Oktoba 1973, TANU ilipoamua kwamba makao makuu ya serikali yahame kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Palikuwa na mashamba ya mtama na uwele, malisho ya ng'ombe, visima, makaburi, na wazee waliojua mbuyu upi ndio mpaka wa shamba la nani. Wengi wa wakaazi wa leo walikuja baadaye, wakaukuta mji. Hao wa kwanza, mji ndio uliowakuta.

Tofauti hiyo inazaa swali ambalo jiji la Dodoma halijalijibu bado. Serikali ya jiji ikitaka kuwatendea haki watu wa rangi na makabila mbalimbali, je, inatosha isiwaulize asili yao?

Taifa letu liliamua zamani kwamba inatosha. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia na wapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi ya ngozi. Nyerere aliwapinga kwa ukali, akawa radhi serikali yake ijiuzulu kuliko kuanza uhuru kwa ubaguzi uleule ambao watu walikuwa wameupinga miaka yote. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inamkataza mwenye mamlaka kumbagua mtu kwa kabila, rangi, dini au mahali alikotoka. Nauheshimu msimamo huu kwa moyo wote. Waasia wa Uganda walifukuzwa mwaka 1972 kwa sababu ya asili yao tu, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya walichinjana kwa kuulizana majina. Kunyamaza kwetu kumeokoa maisha ya watu.

Hata hivyo kunyamaza kuna mpaka wake, na mpaka huo unaonekana wazi zaidi kwenye ardhi ya mji kuliko mahali pengine popote. Dodoma mpaka leo ina Uzunguni na Uhindini, na ina Majengo. Ni mgawanyo wa Wazungu, Wahindi na Waafrika uliokuwapo katika miji mingi ya Tanganyika. Waingereza walitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, kwa hiyo kutunga sheria iliyotaja rangi waziwazi kungewaletea maswali. Walichofanya ni kutaja nyumba. Eneo hili lijengwe nyumba kubwa za namna fulani kwenye viwanja vipana, eneo lile maduka yenye makazi juu yake, na kule nyumba za miti na udongo ziruhusiwe. Hakuna aliyekatazwa kwa maandishi kuishi Uzunguni kwa sababu ni Mwafrika. Ilitosha kumtaka ajenge nyumba ambayo mshahara aliolipwa, kwa kuwa ni Mwafrika, usingeweza kuijenga.

Uhuru ulipokuja, majina hayo yalibaki kama kumbukumbu tu, lakini vipimo vya viwanja vilibaki vikifanya kazi. Hadi sasa viwanja vyetu hupangwa kwa ujazo: mdogo, wa kati na mkubwa. Ujazo mdogo ni kiwanja kipana, barabara nzuri na majirani wachache. Ujazo mkubwa ni watu kubanana. Mpima ardhi anayetumia vipimo hivi leo hana nia mbaya na mtu yeyote, nalisema hili kwa dhati. Ila amerithi rula iliyotengenezwa na watu waliokuwa na nia mbaya, na rula haipotezi alama zake kwa kubadilisha mshikaji.

Kwa hiyo tuna namna mbili za kuupima usawa wa sheria. Ya kwanza ni kuitazama sheria usoni: je, imemtaja mtu? Ya pili ni kuifuata mpaka inapotua: je, imemwangukia nani? Kwa kipimo cha kwanza sheria nyingi zinasalimika. Kwa cha pili chache hupona. Mwaka 1971 Serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Haikutaja rangi hata mara moja. Walioamka bila nyumba zao walikuwa Wahindi kwa sehemu kubwa sana, na wengi waliondoka nchini. Mtu anaweza kuitetea sheria ile kwa sababu za kijamaa, tena sababu nzito, lakini hawezi kuitetea kwa kusema kuwa haikumtaja mtu. Anayeona dhuluma ya Uzunguni na asiione hii anachagua, hapimi.

Sasa tuufuate mji wenyewe. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu Dodoma aliiita CDA, ilianzishwa mwaka 1973 ikakabidhiwa ardhi ya eneo la makao makuu, nayo ikawapa wananchi hati za miaka 33 badala ya miaka 99 iliyozoeleka kwingine nchini. Mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Toronto, ulikuwa na maono mazuri ambayo bado yananigusa: mji usio na majengo ya kutisha, wa watu kutembea kwa miguu, wenye mitaa iliyofanana na vijiji vya ujamaa. Mji uliojengwa kwa mfano wa kijiji ulianza kwa kuvimeza vijiji. Bomoabomoa ikawa neno la kila siku, mpaka Rais Magufuli alipoivunja CDA Mei 2017, akakabidhi kazi zake kwa halmashauri na kuagiza hati ziwe za miaka 99. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Kuvunjwa kwa CDA kuliondoa kero kubwa. Kuna jambo lingine ambalo halikuguswa, na ndilo hasa linaloniumiza, kwa sababu hutokea kimya na kwa kufuata sheria.

Mwanakijiji wa Tanzania ana nguvu ambayo mtu wa mjini hana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na haiwezi kuigawa bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya mti, mama asiyejua kusoma anaweza kunyoosha mkono na mkono wake ukahesabiwa kwenye uamuzi kuhusu ardhi. Kijiji kikiingizwa mjini kinakuwa mtaa. Mtaa una mwenyekiti wa kuchaguliwa, una mhuri na una mikutano, ila mamlaka juu ya ardhi yamehamia halmashauri ya jiji na wizara. Yule mama bado ananyoosha mkono, lakini sasa anaulizwa kuhusu ulinzi shirikishi na usafi wa mitaro. Shamba lake linajadiliwa ofisini kwa lugha ya michoro. Tunaita jambo hili kujumuishwa katika jiji. Ukweli ni kwamba siku aliyojumuishwa ndiyo siku aliyonyang'anywa kauli.

Halafu huja soko. Viwanja vinapimwa, bei inatangazwa kwa mita ya mraba, na bei ni ile ile kwa kila mtu. Mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam ana mshahara, ana mkopo wa benki, na tangazo amelisoma kwenye simu asubuhi ile ile. Mkulima wa Ntyuka au Ihumwa anasikia habari kwa dalali. Akipata fidia, anaipata kwa thamani ya shamba kabla lami haijafika, na anatakiwa kununua kiwanja kwa thamani ya baada ya lami. Hakuna aliyembagua. Mlango uko wazi kwa wote, na yeye anabaki nje. Baada ya miaka michache unamkuta analima shamba jipya mbali zaidi, mahali ambapo mchoro unaofuata utamkuta tena.

Juu ya hayo huongezwa tusi. Wagogo wamebebeshwa jina la ombaomba kwa miaka mingi, na wapo wanaolisema wakicheka kama utani. Watani wana ruhusa yao, lakini afisa wa jiji hana utani na mwananchi anayemhudumia. Nyanda hizi hupata mvua chache, na njaa ilikuwa ikija. Njaa kubwa kuliko zote, ile wazee waliyoiita Mtunya, haikuletwa na mawingu peke yake. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za watu hawa na kuwabebesha mizigo wanaume wao. Ukame ulikuta maghala yamekwisha kukombwa. Taifa lililowakuta watu wakiwa wamefukarishwa hivyo likageuza ufukara wao kuwa tabia ya kabila. Na picha hiyo inapoingia ofisini hufanya kazi yake: mtu anayedhaniwa kuwa amezoea kuomba, fidia yake huonekana kama sadaka.

Nitaambiwa kwamba hoja hii ni ya hatari, kwamba inampa Mgogo umiliki wa makao makuu ya watu wote na kufungua mlango ambao Nyerere aliufunga. Pingamizi hili ni la haki. Nalijibu kwa historia ya Wagogo wenyewe. Koo zao nyingi husimulia kwamba wahenga wao walitoka Uhehe, Unyamwezi na kwingineko. Waliungana kuwa Wagogo kwa kuishi pamoja kwenye nchi hii ngumu na kuijua. Damu, basi, haijawahi kuwa msingi wa haki hapa. Msingi ni kazi na muda uliowekwa kwenye ardhi. Haki ninayoitetea ni ya mtu aliyekutwa na mji, awe Mgogo, Mrangi, Msandawe, au mjukuu wa mwenye duka wa Uhindini. Haihitaji kumuuliza mtu kabila lake. Inahitaji kumuuliza alikuwa akifanya nini mahali pale mchoro ulipofika.

Majirani wa Kenya walichagua njia ya kuhesabu. Sheria yao ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Huenda inawafaa wao. Sisi tungepata zaidi kwa kuiga kitu kingine, ambacho jiji la Seattle nchini Marekani limekuwa likifanya tangu katikati ya miaka ya 2000: kabla uamuzi haujapitishwa, watumishi wanatakiwa kuandika nani atanufaika nao na nani ataubeba mzigo wake. Swali likiulizwa baada ya tingatinga kupita, jibu lake ni la mwanahistoria. Abuja, makao makuu ya Nigeria, imetuonyesha. Serikali iliitangaza ardhi ya eneo hilo kuwa ya shirikisho mwaka 1976, na Wagbagyi waliokutwa pale bado wanadai haki zao nusu karne baadaye.

Mwaka 2012 Dodoma ilikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Michoro mingi zaidi inakuja. Waheshimiwa madiwani, kabla hamjapitisha mchoro wowote, takeni orodha ya kila anayelima, kufuga au kuishi ndani ya mipaka yake, na isomwe mbele ya mkutano wa mtaa wake, kwa Kigogo pale wazee wanapokihitaji. Mkutano huo upewe nguvu ya kukataa au kudai marekebisho, ile ile uliyokuwa nayo ulipokuwa mkutano wa kijiji. Mwenye shamba apewe kwanza viwanja ndani ya shamba lake lililopimwa, kwa hati yenye jina lake na la mke wake, ndipo vilivyobaki vitangazwe kwa wengine. Anzeni hivyo katika kikao kijacho.