JUMATANO: Pembe na Roho za Watu

Soma Ufunuo 18:11–13. Orodha ya bidhaa za Babeli inaanza na nini, na inaishia na nini?

Yohana anaanza na dhahabu, anataja vyombo vya pembe, anafika kwa mifugo, na mwisho kabisa anawataja wanadamu. Katika daftari la Babeli, mnyama na mtu wote ni bidhaa.

Sisi wa Tabora tunaishi kando ya njia ya misafara iliyotoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilipita hapa zikielekea pwani, na kutoka huko Ulaya na Marekani, zikatengenezwe vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Wapagazi wengi Wanyamwezi walibeba kwa ujira. Wengine waliopita njia hiyo walikuwa watumwa, bidhaa wao wenyewe. Mnunuzi wa piano hakumwona tembo wala mtumwa. Yamkini aliipigia nyimbo za ibada.

Je, daftari hilo limefungwa? Mwaka 2009 nchi yetu ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walibaki wapatao 43,000; ujangili ndio uliowamaliza. Nao Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wawindaji na warina asali wasiozidi elfu chache, wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi yao kwa wakulima na wafugaji.

Shamba la Nabothi lilionekana na kila mtu (1 Wafalme 21). Mhadzabe hana uzio wala matuta ya kuonyesha, basi anayeingia hujiambia kwamba pori halina mwenyewe. Ni kweli kwamba mkulima huyo si Ahabu. Naye ana watoto wenye njaa. Lakini njaa yake haimfanyi jirani yake kuwa si mtu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Hiyo ni haki, kwa maana amri ya nane haikutaja uzio. Nalo agano la Mwanzo 9:9–10 Mungu alilifanya na wanadamu pamoja na kila kiumbe hai.

Tafakari: Sisi hatuvuti tumbaku. Lakini miti ya miombo hukatwa ili kuikausha, na viumbe hukosa makao. Je, kuna mapato tunayoyatolea zaka bila kuuliza yametoka wapi?