Kabla ya Kumwambia Mtu Akanyage Zaidi

Andiko: Waebrania 12:1, Kutoka 14:23-25, Wagalatia 5:7



Wengi wenu mmeniona na ile baiskeli. Wengine mmecheka, na sijakasirika. Niliinunua mwezi wa pili, ya mtumba, maunteni ya gia yenye tairi nene, kwa shilingi 7,500 baada ya kubishana na muuzaji karibu nusu saa. Nia ilikuwa njema. Nauli ya pikipiki ya kwenda ushirika wa nyumbani, Mamboleo Jumanne na Nyamasaria Alhamisi, ilikuwa imeanza kuuma mfuko. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hesabu hiyo niliipiga hata kabla ya kutoa pesa: baada ya miezi michache baiskeli ingekuwa imejilipa.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni miguu yangu. Kutoka Kondele hadi Mamboleo si safari ya kutisha, lakini nilikuwa nafika shati limeshikana na mgongo, sauti ya kuongoza wimbo haipo. Kupanda Riat sikuthubutu hata kufikiria. Vijana wanaobeba mitungi ya maziwa kwenye Black Mamba, baiskeli nzito isiyo na gia hata moja, walikuwa wananipita na kunisalimia kwa adabu kabisa: "Habari ya asubuhi, Pasta."

Nikaamua shida ni mimi. Niko kwa miaka ya thelathini, nakaa sana kwa meza, na chapati sijawahi kuikataa. Basi nikaongeza bidii. Nikaanza kuamka saa kumi na moja kufanya mazoezi. Wiki ya tatu, nisiwadanganye, nikaanza kukemea. Nilisimama kando ya barabara na kukemea roho ya uchovu kwa jina la Yesu, nikapanda tena, na baiskeli ikawa nzito vilevile.

Siku moja pedali ilianza kulia, nikapita kwa jaduong' mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mwembe. Nilitaka anipakie mafuta tu niende. Yeye hakugusa pedali. Aliipindua baiskeli, ikalala juu ya kiti na usukani, akalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono mmoja. Likaenda raundi mbili hivi na kusimama ghafla, kama mtu aliyeitwa jina.

"Pasta," akasema, "umekuwa ukiendesha huku breki imeshika."

"Mimi sishiki breki, jaduong'."

"Wewe hushiki. Imeshika yenyewe."

Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu mambo aliyonionyesha ndani ya ile saa moja yamenitesa mwezi mzima.

Gurudumu zima, aliniambia, ukilizungusha hewani huenda kwa muda mrefu. Na likichoka halisimami ghafla. Linayumba kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka upande wake mzito, mara nyingi pale penye valvu ya kujazia upepo, unatulia chini. Ukiona hivyo, ndani kuna uhuru. Lakini likisimama kama limegonga ukuta, kuna kitu kinaligusa, na kazi ya fundi ni kutafuta ni kipi kabla hajashika spana.

Kwanza alifungua breki. Breki zangu ni zile za mikono miwili inayobana rimu kutoka pande zote. Aliibana mikono hiyo pamoja, akachomoa kile kibomba cha chuma kilichopinda kinachopitisha waya, breki ikaachia. Akazungusha tena. Ndugu zangu, gurudumu lilienda mpaka nikachoka kulitazama. Kumbe waya ulikuwa umeshika kutu ndani ya ganda lake. Nikibana breki inashika, nikiachilia hairudi yote. Raba ya upande mmoja ilibaki ikilamba rimu, si kwa nguvu ya kunisimamisha, ni ya kutosha tu kunichosha. Alibadilisha waya pamoja na ganda. Kisha akakaza skrubu ndogo iliyo chini ya mkono wa upande ule uliokuwa unagusa, ili springi iuvute nje, na raba zote mbili zikawa na nafasi sawa.

Ona sasa. Breki si kitu kibaya. Bila breki ningekuwa nimeshawapa kazi ya mazishi. Iliwekwa pale kunilinda, lakini ilikuwa inagusa wakati ambao haikupaswa kugusa.

Mwandishi wa Waebrania anapotuambia tukimbie mbio zetu, anataja vitu viwili vya kuvua. Anataja mzigo, halafu anataja dhambi. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi, na kila mara nilivijumlisha pamoja, kana kwamba mzigo ni jina lingine la dhambi. Lakini ni viwili. Kuna kitu kinachomlemea mtu ambacho si dhambi hata kidogo, na ukimwambia akitubu, atatafuta mpaka usiku kitu cha kutubia, na asubuhi atakuwa mzito kuliko jana.

Mnajua Biblia ina habari ya magurudumu mazito? Kutoka 14. Jeshi la Farao limeingia baharini nyuma ya Israeli, na kwenye zamu ya alfajiri Bwana anayavuruga magari yao. Tafsiri moja inasema magurudumu yaliondolewa, nyingine inasema yalikwama, lakini zote zinakubaliana kwamba yalienda kwa taabu. Na wale Wamisri hawakusema hebu tuwachape farasi zaidi. Walitambua kuna mkono unaowazuia, wakataka kugeuka. Wamechelewa, ndiyo, lakini swali sahihi waliliuliza upesi kuniliko mimi na baiskeli yangu. Na aliyewazuia hapo hakuwa Shetani. Kwa hivyo hata hii desturi yetu ya kukemea kila uzito, tuifanye tukijua kwamba wakati mwingine tunaweza kuwa tunamkemea Bwana mwenyewe, kwa sababu njia tunayoiendea si yake.

Sasa nije kwa jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Nina ruhusa ya mwenyewe, na jina lake sitalitaja, na naomba tusianze kukisia baada ya ibada.

Kuna ndugu katikati yetu ambaye mwaka jana alikuwa moto. Kila mtu alimwona. Halafu akaanza kuchelewa mazoezi ya kwaya. Halafu akawa anakuja Jumapili moja, anaruka mbili. Nilimwita ofisini. Nilikuwa na dakika ishirini kabla ya mkutano mwingine, na nikazitumia zote kuongea mimi. Nilimwambia moto wake umepoa. Nikampa funga ya siku tatu na maombi ya saa tisa usiku. Alinisikiza, akasema "Amina, Pasta," akaenda akafanya yote niliyomwambia. Na baada ya hapo hakurudi tena.

Niliyoyafanya siku hiyo ni kumwambia mtu akanyage zaidi bila kuinua gurudumu.

Baada ya mambo ya jaduong', usingizi ulinikataa. Jumamosi yake nilienda nyumbani kwa huyo ndugu, safari hii sikwenda na neno lolote. Nilimuuliza tu, ni nini kinachokugusa? Alikaa kimya muda, kisha akaniambia. Mama yake alikuwa amelazwa, bili ikapanda, akachukua mkopo wa simu. Kulipa huo akachukua mwingine, na mwingine. Alipokwama kabisa alimwendea ndugu mmoja hapa hapa kanisani, akakopeshwa 3,000, na tarehe ya kurudisha ikapita. Huyo ndugu hakumdai kwa ukali, hata hakumkumbusha. Lakini anakaa safu ya pili, na aliye kwaya anaimba akimwangalia uso kwa uso. Kila Jumapili. Hiyo ndiyo raba iliyokuwa inalamba rimu.

Mimi nilikuwa nimempa funga. Alikuwa hata hivyo halali na chakula cha kutosha.

Tulichukua karatasi tukaandika kila deni, nani anadai, kiasi gani, ada gani inaongezeka kila siku. Chuoni walitufundisha kwamba deni linaloua biashara mara nyingi ni lile mwenye duka anaogopa kuliandika. Yakawa matano. Tukapanga lipi lilipwe kwanza, na lile la 3,000 tukaliweka juu, si kwa sababu lina riba, halina hata senti, ila kwa sababu ndilo lililomfungia mlango wa kanisa. Anayedai nilimpigia tukiwa wote watatu kwa simu. Alishangaa kusikia mwenzake amekuwa akimkimbia. Bado madeni yapo, wapendwa. Sikuja kuwapa ushuhuda wa muujiza wa pesa. Lakini anajua yako mangapi, na mama amepata nafuu.

Turudi kwa baiskeli, kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa na ugonjwa tofauti, na huo unanihusu zaidi.

Breki ya nyuma jaduong' aliifungua, akazungusha, na bado gurudumu likasimama. Kwa hivyo breki haikuwa na hatia. Aliangalia kama rimu imepinda. Ingepinda, ungesikia inakwaruza mahali pamoja kila raundi, na dawa yake ni kukaza na kulegeza spoki kidogo kidogo. Haikuwa hivyo. Alilegeza nati za ekseli akaangalia kama gurudumu limekaa upande. Lilikuwa sawa. Basi akalitoa kabisa, akanipa ekseli niizungushe kwa vidole. Ilikuwa inakwama na kukwaruza, kama mchanga ndani ya ugali.

Akafungua habu. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama nta. Na zile koni mbili zinazobana gololi kutoka kila upande zilikuwa zimekazwa kupita kiasi. Nikauliza nani anaweza kukaza hivyo. Akacheka. Akasema mnunuzi wa mtumba huwa analishika gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza, anapunguza bei. Kwa hivyo mwenye kuuza anaikaza koni mpaka gurudumu linakuwa kimya. Likikazwa linaonekana imara. Anayejua hulizungusha pia.

Linaonekana imara! Wazee wa kanisa, viongozi wa idara, hapo nilipigwa. Huyo ndugu tulimtumia vipi mwaka jana? Kwaya, mitambo ya sauti, vijana, na kupokea wageni mlangoni. Nne. Hakuwahi kukataa, nasi tukasema, ona alivyo imara. Tulimkaza. Hakuna aliyelizungusha gurudumu kusikia kama linaimba au linasaga.

Koni haikazwi kwa hasira. Jaduong' aliikaza kwa vidole mpaka ikagusa gololi, akairudisha nyuma kidogo, nywele tu, kisha akashikilia kwa ile spana nyembamba, ya 15, na kufunga nati ya juu kwa spana nyingine. Akajaribu. Ikacheza kidogo, akafungua tena. Ikakaza, akafungua tena. Mara nne. Mimi ningeacha mara ya kwanza. Ukiwa na gurudumu la kufungua kwa wenzo badala ya nati, alisema, unaacha hata mchezo mdogo sana, kwa sababu wenzo ukibanwa unaimaliza ile nafasi.

Na msiniambie Pasta amefuta dhambi. Zile gololi za nyuma, tisa kila upande, baadhi zilikuwa na vishimo. Nilimwomba azipake grisi mpya twende. Alikataa. Grisi juu ya gololi yenye vishimo inanyamazisha kwa wiki chache, huku zinaendelea kuila koni. Alizitupa zote kumi na nane, nzima na mbovu, kwa sababu mpya hazichanganywi na za zamani, akaosha habu kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, ndipo akaweka grisi. Kuna mambo katika maisha yetu ambayo ni ya kutupa, hayahitaji nafasi wala huruma ya koni. Mwenye nayo anayajua, na madhabahu iko wazi. Ninachokataa ni kuanza na hapo kwa kila mtu.

Paulo kwa Wagalatia alikuwa mkali, mnajua alivyowaita kwenye sura ya tatu. Lakini akifika sura ya tano anakumbuka walikuwa wakikimbia vizuri, na anauliza ni nani aliyewazuia. Anauliza. Mimi kwenye zile dakika ishirini sikuuliza hata swali moja, na kwa hilo nimemwomba huyo ndugu msamaha, na leo naliomba kanisa pia.

Tumekubaliana na kiongozi wa kwaya na wa vijana: kuanzia mwezi ujao hakuna mtu atakayeshika huduma zaidi ya mbili, hata akijitolea. Na Jumamosi hii, baada ya maombi ya asubuhi, jaduong' atakuwa nyuma ya kanisa mpaka saa sita. Leteni baiskeli zenu, hata za watoto. Mafuta ya taa na grisi tutakuwa navyo, gololi kila mtu anunue zake. Mimi nitakuwa upande wa pili, chini ya mti, na viti viwili na karatasi, kwa yeyote ambaye kilicho kizito si baiskeli.