Sarafu ya Kumi na Tatu

Wapenda mafumbo ya hesabu wanalijua hili: sarafu 12 zinafanana, moja ni bandia, na hujui kama ni nzito au nyepesi kuliko nyingine. Una mizani ya vitanga viwili, mawe ya kupimia huna. Pima mara 3 tu, uitaje iliyo bandia na kasoro yake.

Anayeanza huweka 6 kwa 6. Mizani inainama, jambo alilolijua tayari; jipya ni upande tu. Mizani ina majibu matatu: kuinama huku, kuinama kule, au kutulia, lakini yeye ameuliza swali ambalo jibu lake mojawapo haliwezi kutokea. Mjuzi hupima 4 kwa 4, nne akaziacha mezani. Mizani ikitulia, nane zilizopanda zimesafika. Ikiinama, zile za mezani ndizo salama. Vyovyote iwavyo, sasa anazo sarafu halisi za kumsaidia kuzihoji zilizobaki.

Ongeza sarafu moja. Kila sarafu yaweza kuwa nzito au nyepesi, hivyo hali zinazowezekana ni 26, na kupima mara 3 kunatoa majibu 27. Kwa kuhesabu tu, ungesema inawezekana. Haiwezekani. Baada ya kupima mara ya kwanza yanabaki majibu 9. Ukipima 4 kwa 4 na mizani ikatulia, sarafu 5 za mezani zina hali 10. Ukipima 5 kwa 5 na mizani ikainama, hali ni 10 vilevile. Mwaka 1946 Freeman Dyson alichapisha suluhisho la jumla la fumbo hili, na kikomo cha kupima mara 3 ni hizo hizo 12.

Lakini mtu akikukopesha sarafu moja uliyo na hakika nayo, mlango unafunguka: tano upande mmoja, nne pamoja na ya mkopo upande wa pili, nne mezani. Ikiinama, hali ni 9. Ikitulia, ni 8. Sarafu ambayo haishukiwi kabisa ndiyo inayotatua shauri.

René Descartes, katika Tafakuri zake za 1641, alitia shaka kila kitu akitafuta jambo moja lisilotikisika. Ujasiri huo unasifiwa sana, pengine kupita kiasi. Mizani inaonyesha kwamba shaka ina kipimo. Kwa sarafu 12, shaka tupu hujizalia hakika yake njiani. Kwa 13 haiwezi. Lazima hakika itoke nje, na aliyekukopesha umwamini bila kumpima.

Bila mkopo, bado utaweza kuitambua iliyo bandia kati ya 13. Ila mizani ikitulia mara zote tatu, mwenye hatia ni sarafu ambayo haikupanda kitanga hata mara moja. Imehukumiwa kwa kuwa wengine wote wameachiwa, na kama ni nzito au nyepesi, hakuna ajuaye.