Je, Kaole Inaweza Kurudi? Tafakuri ya Pwani ya Kusini kuhusu Kilichopita

Swali la kama kitu kilichokwisha kinaweza kurudi kikiwa kile kile ni la kale katika falsafa na katika dini, lakini ni nadra kuulizwa kuhusu maigizo ya televisheni, na pengine ndiyo maana hamu ya Watanzania wengi wanaotaka maigizo ya Kaole yarudishwe hewani huchukuliwa kuwa ni kilio cha watu wazima wanaoukumbuka ujana wao. Hamu hiyo ina uzito zaidi ya huo. Pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani na Mtwara mjini hadi Msimbati na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma, imerithi fikra za Uislamu, za Ukristo na za ngoma za Wamakonde zinazohusu jambo hilo hilo la kuondoka na kurejea, na fikra hizo zinalijibu swali la Kaole kwa kina ambacho mijadala ya biashara ya burudani haijakifikia.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, miongo miwili baada ya Zanzibar, na katika miaka iliyofuata Kaole Sanaa Group, kundi la wasanii wa Dar es Salaam lililoigiza kupitia kituo cha ITV, likawa jina la kila nyumba. Maigizo yake, yakiwemo Jahazi na Dira, yalihusu mambo ya familia: ndoa na talaka, mirathi, wivu wa wake wenza, mtoto anayelelewa na mama wa kambo, ndugu anayemwendea mganga ili kumwangusha ndugu yake. Ndani ya kundi hilo walijulikana wazee kama Mzee Kipara, Mzee Jengua na Bi Mwenda, na vijana kama Steven Kanumba, Ray na Johari, ambao baadaye waliibeba biashara ya filamu za Kiswahili, na kuhama kwao kuelekea filamu za kanda na diski, ambako fedha ilikuwa nyingi zaidi, ni sehemu ya sababu zilizofanya maigizo ya kila wiki yapungue nguvu. Vipande vya maigizo hayo bado vinapatikana mtandaoni, na yeyote mwenye simu mkononi anaweza kuvitazama. Hapa ndipo ugumu wa swali unapoanza, kwa sababu wanaovitazama hawaridhiki navyo, bali huendelea kusema kwamba wanataka Kaole irudi. Inaonekana basi kwamba wanachokitaka si picha zenyewe.

Wanachokitaka kinaonekana zaidi katika namna maigizo hayo yalivyotazamwa. Katika miji na vijiji vya kusini, kama katika sehemu nyingi za nchi wakati huo, seti moja ya televisheni, ile ya chogo, ilitumikia nyumba kadhaa, na mwenye seti aliitoa barazani au aliuacha mlango wazi, watoto wakakaa chini mkekani, wakubwa wakakaa nyuma yao, na igizo lilipokwisha hukumu ikaanza: nani alikosa, mume au mkwe, na je, mirathi ile iligawanywa kwa haki? Igizo la familia lilikuwa chombo cha maadili, kwa maana ya kwamba liliwapa majirani kesi ya watu wa kubuni ambayo wangeweza kuihukumu mbele ya watoto wao bila kumvunjia heshima mtu yeyote wa mtaani. Kesi za kweli za mtaa zilizungumzwa kwa kunong'ona, ilhali za Kaole zilizungumzwa kwa sauti, na watoto walijifunza kwa kusikia mabishano hayo kuliko kwa mawaidha yoyote.

Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilikabili suala ambalo wanateolojia wa Kiislamu waliliita kurejeshwa kwa kilichotoweka, yaani kama kitu kilichokoma kabisa kuwapo kinaweza kurudishwa kikiwa ndicho chenyewe wala si mfano wake. Jibu lake lilikuwa kwamba haiwezekani, na hoja yake ni nzito: kila kitu kina sifa zinazokitambulisha, na mojawapo ni wakati wake, kwa hiyo ili kitu kirudi kikiwa chenyewe kwa ukamilifu ni lazima wakati wake nao urudi, na wakati ukirudi hakutakuwa na marejeo yoyote bali kutakuwa na ule mwanzo wenyewe. Hoja hii ikitumiwa kwa Kaole, haikwepeki kirahisi. Wakati wa Kaole ulikuwa wa vituo vichache, wa saa moja iliyongojwa na mtaa mzima, wa antena iliyogeuzwa na kijana juu ya paa, na wakati huo ulimalizika hatua kwa hatua, ukiwemo uamuzi wa kuzima matangazo ya analojia, ulioanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kumfanya kila mtazamaji ahitaji king'amuzi. Anayeidai Kaole ile ile, kwa maneno ya Ibn Sina, anaudai wakati, na wakati haudaiwi.

Hata hivyo mwanateolojia Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1095 kuwajibu wanafalsafa, alikataa kufungiwa mlango kwa hoja za namna hiyo. Akitetea ufufuo wa miili, alieleza kwamba mtu ni mtu kwa nafsi yake, na kwamba mwili wake hubadilika tangu utoto hadi uzee kwa chakula anachokula bila yeye kuwa mtu mwingine. Basi nafsi ikirudishwa katika mwili, uwe umetokana na maada ya kwanza au na maada nyingine, aliyerudi ni yule yule. Mtume Paulo naye, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho unaosomwa katika makanisa ya Masasi na Ndanda, alifundisha kwamba mwili unaopandwa sio ule utakaokuwa. Ufufuo ni kazi ya Mungu peke yake, na si adabu kuulinganisha na mambo ya runinga. Lakini hoja ya Ghazali kuhusu utambulisho, yaani kuhusu kinachokifanya kitu kiendelee kuwa kile kile, ni hoja ya akili inayoweza kutumika hata katika kazi za mikono ya binadamu. Inahamisha swali kutoka kwenye sura na seti kwenda kwenye nafsi: ni nini nafsi ya igizo la familia, na ni nini mwili wake tu?

Nchi zilizojaribu kuurudisha mwili zimepata somo. Igizo la Kimarekani la Dallas, lililohusu ukoo wa matajiri wa mafuta na kuonyeshwa kuanzia 1978 hadi 1991, lilirudishwa mwaka 2012 likiwa na baadhi ya waigizaji wake wa awali, lakini Larry Hagman, aliyekuwa nguzo yake, alifariki Novemba mwaka huo huo, na marudio hayo yakafungwa 2014. Mwanafalsafa Søren Kierkegaard wa Denmark alikuwa ameshalitabiri jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1843 kuhusu kurudia, ambamo mhusika wake anasafiri tena kwenda Berlin ili apate furaha ile ile aliyoipata zamani katika jumba la maonyesho, anakwenda ukumbi ule ule, na furaha haiji.

Jibu lililo bora zaidi, kwa hukumu ya makala haya, linatoka juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, na ng'ambo ya Ruvuma huko Mueda, nchini Msumbiji. Wamakonde wana ngoma ya vinyago, mapiko, ambayo kwa upande wa Tanzania hujulikana pia kama midimu, na ambayo huchezwa hasa vijana wanapotoka jandoni, yaani katika mafunzo ya kutahiriwa na kuingizwa utu uzima. Mchezaji huvaa kichwani kinyago cha mti kinachomfunika mpaka shingoni, huona kupitia tundu la mdomo, na mwili wake hufungwa nguo pasibaki ngozi inayoonekana. Kwa mafundisho ya jadi anayecheza pale si mtu wa kijiji bali ni marehemu aliyerudi kuwatembelea walio hai, na wasiopitia jando hawakutakiwa kujua ni nani yumo ndani. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni hila ya wanaume wa kijiji. Tafsiri hiyo ni finyu, kwa kuwa kijana anapoingizwa jandoni huonyeshwa kwamba ndani ya kinyago kuna binadamu, na baada ya kuonyeshwa hakidharau kinyago, bali anakuwa miongoni mwa watakaokivaa. Kujua siri ndiko kukabidhiwa wajibu. Anayekuja ni yule yule kila mwaka, ingawa mvaaji ni mwingine na pengine hata kinyago ni kipya, kwa sababu nafsi ya ngoma imewekwa katika makabidhiano kati ya wakubwa na wadogo, mbele ya kijiji kilichokusanyika kukipokea kinachokuja. Uhai wa ngoma hiyo ulionekana pia pale ilipopokea wahusika wapya bila kuacha kuwa yenyewe, wakiwemo maofisa wa kikoloni na askari, ambao mababu waliowachonga mapiko wa kwanza hawakuwajua.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha zinazotembea, akarekodi nyimbo na ngoma za watu wa kusini na kuzipeleka Ujerumani. Kilichonaswa kilihifadhiwa, na kina faida kubwa kwa historia, lakini ngoma haikuendelea kuishi kwa sababu ya rekodi zile. Iliishi kwa sababu waliobaki Newala waliendelea kuwafundisha watoto wao. Jambo la aina hiyo liliingia hata kanisani, pale Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alipolitengeneza jando la Kikristo akishirikiana na wazee wa maeneo hayo, akiacha yale aliyoyaona kupingana na imani na kushika mkusanyiko, ukomavu na mafundisho. Wapo waliolaumu kwamba jando lililobadilishwa si jando tena, na lawama yao haikuwa bure, kwani yapo yaliyopotea; lakini vijana walipita humo, na jamii ikawapokea kama watu wazima.

Yapo mashaka ya kidini yanayostahili kujibiwa. Mwislamu wa pwani hufundishwa kuridhika na kadari, yaani mpango wa Mungu juu ya kila kinachotokea, na anaweza kuuliza kama kutamani kilichopita kirudi si kutoridhika na kadari hiyo, tena kwa ajili ya jambo la burudani. Sura ya 12 ya Kurani, Surat Yusuf, ambayo yenyewe ni kisa cha familia, chenye baba, ndugu wenye wivu na mtoto aliyepotezwa, inajibu kwa upole. Nabii Yaqub alimlilia mwanawe hadi macho yake yakaingia weupe, akashika subira njema, yaani uvumilivu usio na malalamiko kwa viumbe, na wakati huo huo akawatuma wanawe wakamtafute Yusuf wala wasikate tamaa. Kuridhika na kutumaini vilikaa katika moyo mmoja. Tena Yusuf aliyerudishiwa baba yake hakuwa yule mtoto aliyetupwa kisimani, bali alikuwa mkuu wa hazina za Misri, na ndugu zake waliposimama mbele yake hawakumtambua. Yaqub hakulalamika kwamba amerudishiwa mtu mzima badala ya mtoto.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba jamii za Kiafrika hugawa muda katika Sasa, yaani muda ulio karibu na unaohusisha kumbukumbu hai, na Zamani, yaani muda wa kina ambamo yote huzama hatimaye. Aliongeza kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Mbiti kuhusu dai lake kwamba Waafrika hawakuwa na fikra pana ya wakati ujao, na upinzani huo ni wa haki, kwani mkulima anayepanda mkorosho leo Tandahimba anaupandia wakati ujao. Lakini kuhusu marehemu na kumbukumbu Mbiti aliona sawasawa. Mzee Kipara na Kanumba walifariki mwaka 2012, Mzee Jengua akafariki Desemba 2020, na wote bado wamo katika Sasa ya waliowatazama, ingawa Sasa hiyo inapungua kila mwaka.

Kwa hiyo, wanaotumaini Kaole irudi wako katika haki, ila wanapaswa kubadili wanachokiomba. Wasiombe sura za marehemu zirudishwe, wala marudio ya vipindi vya kale yanayotazamwa na kila mtu peke yake chumbani. Waombe wasanii wa kizazi kile walio hai wapewe nafasi ya kuwakabidhi vijana kazi yao, si kwa kuigiza tena vipande vya zamani bali kwa kuwafundisha jinsi kesi ya familia inavyotungwa ili majirani wabishane juu yake. Waombe vituo vya televisheni vitenge saa moja ya jioni kwa igizo la Kiswahili la nyumbani. Na wenye nyumba Mtwara, Mikindani na Msimbati watoe seti zao barazani saa hiyo itakapofika, wawaite watoto wa jirani wakae.