Nani Atalifunika Shimo?

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria fupi juu ya mtu aliyefukua shimo akaliacha wazi. Ng'ombe au punda wa jirani akitumbukia humo akafa, mwenye shimo hana la kujitetea: humlipa jirani thamani ya mnyama wake, na mzoga ndio unaokuwa mali ya mlipaji. Sheria haiulizi kama alikuwa na nia mbaya, wala kama ng'ombe alikuwa na mchungaji. Yatosha kwamba shimo ni lake na hakulifunika. Wafugaji wa zamani waliielewa sheria hiyo mara moja. Sisi, wenye mashimo ambayo wao wasingeweza kuyaota, twajifanya kana kwamba ni fumbo.

Tulitazame shimo moja, liitwalo Berkeley, katika mji wa Butte, jimbo la Montana, nchini Marekani. Kwa miaka mingi shaba ya Butte ilichimbwa chini ya ardhi, na wachimbaji wake wengi walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Mwaka 1955 kampuni ya Anaconda ilianza kuufumua mlima toka juu kwa baruti. Vitongoji vya Meaderville na McQueen vilimezwa, nyumba na mitaa yake. Mwaka 1982 kazi ya shimo hilo ilisimama, na mashine zilizokuwa zikivuta maji kutoka chini ya ardhi zikazimwa. Shimo lenye kina cha zaidi ya meta 500 likaanza kujaa. Mwezi wa Novemba 1995 bata bukini weupe, wakiwa safarini kwenda kusini, walitua juu ya maji hayo kupumzika, wakidhani ni ziwa kama maziwa mengine. Iliokotwa mizoga 342. Mwaka 2016 wakafa tena, safari hii kwa maelfu.

Msomaji atauliza maji yawezaje kuua hivyo. Jibu si gumu. Katika miamba mingi yenye shaba au dhahabu imo chuma iliyoungana na salfa. Maadamu mwamba umelala chini, mbali na hewa, hauna madhara. Ukivunjwa na kurundikwa juu kama kifusi, hewa na mvua huuingia, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huiharakisha kazi. Salfa ile hugeuka kuwa asidi. Maji ya Berkeley yalipata kuwa na ukali kama wa maji ya ndimu. Asidi hiyo nayo huyeyusha shaba, zinki, kadmi na aseniki zilizomo mweni, na kuzichukua mpaka mtoni. Tena kifusi kikishaanza kutoa asidi, hakiachi baada ya mwaka mmoja wala kumi. Chaweza kuendelea kwa karne nyingi.

Wala mtu asiseme kwamba wataalamu hawajui la kufanya. Wajua vema. Mwamba hupimwa kabla ya kuvunjwa. Wenye salfa hutengwa na usio nayo, hulazwa juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha hufunikwa ili mvua na hewa visipenye. Maji safi ya mlimani huzungushwa kwa mifereji yasikutane na kifusi, na yaliyokwisha kuharibika hukusanywa yakatibiwa kwa chokaa. Kazi hizi zina gharama kubwa. Lakini gharama hiyo ikikwepwa wakati mgodi unapotoa faida, hurudi wakati mgodi hautoi kitu.

Ndivyo ilivyokuwa Butte. Mwaka 2003 ilijengwa huko mitambo ya kusafisha maji kwa chokaa, na tangu 2019 maji yaliyosafishwa huachiwa katika kijito cha Silver Bow, ili shimo lisifurike. Kazi hiyo imepangwa kuwa ya daima. Na iliyochimba shimo haipo tena: Anaconda ilinunuliwa na Atlantic Richfield mwaka 1977, nayo Atlantic Richfield ikanunuliwa na BP mwaka 2000. Bahati njema, sheria ya Marekani ya mwaka 1980 huwafuata hata wanunuzi.

Hapa ndipo twaliona swali lenyewe. Si kila deni wanaloachiwa watoto ni dhuluma. Baba akikopa kujenga nyumba, akafa kabla hajamaliza kulipa, mwana hurithi deni pamoja na nyumba. Lakini mgodi wa namna hii huuza nyumba na kumrithisha mwana deni peke yake. Ni nani aliyetupa mamlaka ya kuahidi kwa niaba ya mtu atakayezaliwa miaka mia tatu ijayo kwamba atasimama kando ya bwawa na mfuko wa chokaa? Ahadi hiyo hatuna uwezo wa kuitimiza, na kuahidi usiloliweza ni uongo, hata likiandikwa kwa hesabu nzuri.

Tutaambiwa kwamba maskini wa leo hawezi kula haki za watakaozaliwa kesho. Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau. Baba asiye na ada ya shule aliyepata kazi mgodini hana kosa lo lote. Lakini maskini huyo ndiye anayekunywa maji ya mto. Anayebeba faida hunywa maji mengine.

Mfano hauko Marekani tu. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia mto Tigithe, ambao huingia mto Mara na hatimaye Ziwa Victoria. Wanavijiji walilia kwamba watu wameugua na mifugo imekufa. Kampuni ilieleza kwamba plastiki ya kuzuia maji ilikuwa imeibwa. Wizi ni dhambi, na mwizi wa plastiki hiyo aliwatenda majirani zake vibaya. Hata hivyo mwenye shimo anajua kwamba duniani wako ng'ombe, na mwenye bwawa la asidi anajua kwamba wako wezi.

Hatuwaombi wasomaji wachukie dhahabu. Pete moja ya arusi huacha nyuma yake tani kadhaa za kifusi, na pete hizo tumezibariki wenyewe. Twaomba jambo dogo zaidi. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukubali kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Basi fedha za kukifunika kifusi na kuyatibu maji ziwekwe amana mwanzoni, mahali ambapo kampuni ikiuzwa au ikifilisika haziwezi kuguswa. Na kama hesabu itaonyesha kwamba maji yatahitaji kutibiwa milele, mwamba huo uachwe ulipolala. Tena hesabu hiyo isomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, akina mama wachota maji wakiwapo, kabla baruti ya kwanza haijalipuliwa.