Nasaba na Kipande

 

Mvuvi mmoja alitungoja mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Alasiri, akatuuliza kwa sauti ya chini: Je, yajuzu mtu kuandikwa kuwa ni mwana wa mtu asiye babake, apate kipande? Asili yake ni Pemba. Babake alivuka kwa mashua, akaoa, akapata watoto na akazikwa upande huu wa Kenya. Yeye mwenyewe, katika karatasi za Serikali, ni mwana wa jirani. Hatukumjibu siku ile. Kusema "haramu" na kwenda zetu kungekuwa ni kusema kweli, lakini kweli ya mtu aliyeshiba.

Yataka kwanza ijulikane alivyofika hapo. Zamani za Sultani, Pemba na mwambao wa Mombasa vilikuwa chini ya bendera moja, hata baada ya mapatano ya 1895 ambayo kwayo Mwingereza aliutawala mwambao kwa kodi ya kila mwaka. Mpemba aliyefuata samaki mpaka Vanga au Shimoni hakuhisi kuwa amehama nchi. Kisha, tarehe 8 Oktoba 1963, Sultani aliacha haki yake juu ya mwambao. Tarehe 12 Disemba Kenya ikapata uhuru. Na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi ya Unguja, wakavuka wengine kwa khofu. Waliotangulia walikuwa wageni pasi na kuondoka walipokaa. Katiba ya uhuru ilimpa uraia aliyezaliwa Kenya na mmoja katika wazazi wake naye awe alizaliwa Kenya. Wengine walipewa muda wa kujiandikisha, na aghalabu ya watu wa baharini muda huo ukawapita.

Asiye na kipande hapewi leseni ya uvuvi, wala hasajiliwi laini ya simu kwa jina lake, wala benki haimfungulii hesabu. Basi huvua usiku kama mwizi katika bahari aliyoivua babake mchana.

Sasa tutazame hoja yake, kwani anayo. Imamu Ghazali, na Imamu Nawawi baada yake, wamebainisha kuwa maneno ni njia ya kufikia makusudio. Likiwa jambo jema laweza kufikiwa kwa kweli, uwongo ni haramu. Na likiwa halifikiki illa kwa uwongo, basi uwongo huo huwa halali kwa kadiri ya uhalali wa jambo lenyewe. Mtu atasema: Kulisha wanangu ni wajibu, na kweli nimeijaribu mara tatu katika afisi, nikafukuzwa. Hatuwezi kumdharau mwenye kusema hivyo.

Lakini nasaba si kama maneno mengine. Yajulikana khabari ya Zaid bin Haritha, ambaye Mtume (s.a.w.) alimlea kama mwana, hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Ikateremka amri katika Sura ya Al-Ahzab kuwa watu waitwe kwa baba zao, na Zaid akarejea kuwa bin Haritha. Hakuna malezi bora kuliko yale, wala baba wa kujivunia kuliko yule, na hata hivyo jina lilirudishwa. Na amri hiyo hiyo ikasema kuwa wale wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini. Maana yake ni kuwa mji wa Madina haukumtaka mtu azue baba ndipo ahesabiwe kuwa ni mwenzao. Afisi zetu ndizo zilizomtaka.

Na madhara yake hayakomi kwenye ulimi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu akikiri kuwa fulani ni mwanawe, na umri ukikubali, na fulani huyo akiwa hana nasaba nyingine ijulikanayo na akasadiki, nasaba huthubutu. Basi jirani aliyetia sahihi mbele ya chifu kwa kumwonea mtu huruma, ameacha karatasi ambayo siku moja italetwa mbele ya Kadhi, na wawili hao wote wamekwisha kuzikwa. Wajukuu watagombea shamba kwa karatasi hiyo. Binti wa jirani ataambiwa huyu ni kakake, naye ni ajinabi kwake. Au kijana atakatazwa mke aliye halali yake. Hizi ni haki za waja, na darura ya mmoja haiondoi haki ya mwingine.

Wako wazee wa mjini watakaosoma haya na kusema, "Wapemba hao!" Na wakumbuke mambo ya wakati wa Mwingereza, kodi na daraja za watu zilipogawanywa baina ya "mwenyeji" na "asiye mwenyeji". Ni wangapi katika pwani hii waliojitafutia babu Arabuni wakati ule, nao hawakuwa na njaa ya mvuvi huyu?

Ama Serikali, haikufunga mlango daima, bali iliufungua kidogo kidogo. Sheria ya uraia ya 2011 ilimruhusu asiye na taifa, aliyekaa Kenya tangu uhuru, aombe kuandikwa, akiwa ajua Kiswahili au lugha ya wenyeji. Mpemba kuulizwa kama ajua Kiswahili! Muda wake ulikuwa miaka mitano, ukaongezwa mitatu, ukaisha 2019. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walikwenda kwa miguu kudai haki yao mpaka Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vipande. Na Julai 2023, mjini Kilifi, Rais William Ruto alitangaza kutambuliwa kwa Wapemba kuwa ni jamii katika jamii za Kenya.

Hapo ndipo jawabu yetu inapobadilika. Maadamu mlango wa kweli upo, udhuru wa uwongo umeondoka, na mwenye kujiandikisha leo kwa baba wa kukodi hana hoja ya Ghazali wala ya mwingine. Na mwenye kuuza ubaba wake kwa fedha hakuwa na hoja tangu jana.

Lakini yule aliyekwisha kuandikwa afanyeje? Akienda kusahihisha, amekiri kuwa alisema uwongo mbele ya Serikali, na sheria yaadhibu hilo. Twaona kuwa toba yake ina sehemu mbili. Iliyo baina yake na Mola wake, hana lazima ya kujifedhehi nayo. Iliyo ya haki za watu, haingoji: aandike wasia mbele ya mashahidi wawili waadilifu, ataje babake wa kweli na ukoo wake, asomewe kila mwana wake na kila mwana wa jirani. Kisha amwendee wakili mwaminifu ajue njia ya kusahihisha karatasi za Serikali pasi na kuwaangamiza watoto.

Tulimweleza mvuvi hayo. Akauliza jambo moja tu: kama mzee jirani, ambaye hakuchukua hata senti, ana dhambi. Tukasema kuwa nia yake yajulikana kwa Mola wake, lakini karatasi yake yabaki duniani, naye bado yu hai. Ijumaa ya pili walikuja pamoja, mzee ameshikwa mkono, wakataka kalamu.